Maswali Yenu: Nitajuaje Kama Fiziotherapia Ndo Wito Wangu?

Wasomaji wapenzi, mwezi huu barua zenu karibu zote zinazunguka jambo moja, kazi ya fizio (mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli kwa mikono na mazoezi), na kama mtu anaweza kujua mapema kwamba hii ndo kazi yake. Nimechagua chache manake kila moja imegusa upande wake, zingine nimezifupisha ili nafasi itoshe. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na sa hivi nafundisha wanafunzi wodini, kwa hiyo nawajibu nyinyi kama ninavyowajibu wao.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza sekondari na matokeo ni mazuri. Wazazi wanataka nisome udaktari ila mimi naipenda fiziotherapia tangu bibi alipopata kiharusi nikaona fizio alivyomfundisha kusimama tena. Naogopa lakini, labda ni huruma tu ya bibi na wala sio wito. Nitajuaje? (Mjukuu wa Bibi)

Marahaba mwanangu. Wengi tulioko kwenye kazi hii tulianza hivohivo, mtu wa nyumbani aliumwa, fizio akaja, kitu kikatugusa, kwa hiyo usiionee aibu huruma yako. Ila umeshtuka vizuri, manake huruma peke yake haikufikishi mbali. Utakutana na wagonjwa wakali, wengine watakutukana kwa sababu umewakunja goti likauma, wengine hawakupi hata salamu, na siku hiyo huruma haiji hata ukiiita. Kinachobaki hapo ni udadisi. Kwa nini goti hili linakunjika mpaka hapa afu linakataa, ni maumivu, ni uvimbe, ni misuli imekakamaa au mwenyewe anaogopa? Mtu ambaye swali kama hilo linamsumbua mpaka analala nalo, huyo kazi imeshampata hata kama mwenyewe hajajua.

Jipime hivi. Kumbuka yule fizio akiwa na bibi, wewe ulikuwa unatazama nini? Kama ulikuwa unatazama uso wa bibi tu, hayo ni mapenzi na ni jambo jema kabisa. Lakini kama ulijikuta unatazama mikono ya fizio, ameshika wapi, kwa nini amekaa upande uliopooza badala ya ule mzima, kwa nini anapomwinua hamvuti mkono (na kweli havutwi, misuli ya bega la mtu aliyepooza imelegea, ukilivuta linaweza kushuka kwenye nafasi yake likaacha maumivu ya miezi), bas hapo kuna kitu zaidi.

Kuna kisa ambacho mafizio wa nchi nyingi wanakijua. Mwaka 1956 kule New Zealand fizio mmoja, Robin McKenzie, alikuwa na mgonjwa wa mgongo ambaye kwenye maelezo yake anamwita Smith tu, maumivu yanashuka mpaka mguuni na wiki tatu zimepita hakuna nafuu. Akamwambia aingie chumbani alale kifudifudi kitandani. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja baada ya mgonjwa aliyetangulia, Smith akalala hivohivo mgongo umepinda kwa nyuma, na McKenzie akachelewa kama dakika tano. Aliporudi akashtuka sana, enzi hizo mkao ule ulihesabiwa ni wa hatari, ila Smith akamwambia tangu aanze kuja hajawahi kujisikia vizuri kama pale. Sasa fizio mwingine angemshukuru Mungu kwamba mgonjwa hajaumia, akashusha kitanda, akaendelea na siku yake. McKenzie akajiuliza kwa nini. Kesho yake akarudia makusudi, afu akaanza kuchunguza kwa wagonjwa wengine, na kutoka hapo ikaja njia ya kupima na kutibu mgongo inayofundishwa mpaka leo. Haifai kwa kila mgongo, hilo ulijue, ila nataka uone ilianzia wapi.

Kuhusu wazazi, usiende kubishana nao. Omba ukakae idara ya fiziotherapia hata wiki moja, idara nyingi zinakubali ukiomba kwa barua, na ukae siku nzima, uone na jioni fizio anavyoandika mafaili akiwa amechoka. Ukirudi nyumbani waambie ulichokiona. Waambie pia kwamba ni taaluma ya chuo kikuu, Marekani wameifikisha mpaka ngazi ya udaktari wa fiziotherapia, na kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo huduma za utengemao (za kumrudishia mtu uwezo wa kujimudu) zingewasaidia, huku nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zikiwa na wataalamu wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Mzazi anayeogopa mwanae kukosa kazi akiisikia namba hiyo angalau anakaa chini kusikiliza.

Mwalimu, mi nimeanza kazi mwaka huu. Ndugu zangu wananiita mkandaji, wakija wageni wananiita sebuleni eti nimkande baba mkubwa mgongo. Inaniuma sana. Ni kweli sisi ni wakandaji tu? (Nimechoka Kuitwa)

Pole, ila usiwadharau wakandaji manake taaluma yetu imetoka huko. Mwaka 1894 London manesi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, walianzisha chama cha wanawake waliosomea kukanda. Kilichowasukuma ni kashfa, kulikuwa na nyumba zinazojiita za kukanda kumbe zinafanya umalaya, mambo yakaandikwa hadharani, na nesi aliyeisomea kazi yake vizuri akawa anatazamwa kwa jicho lilelile. Wao hawakuiacha kazi. Wakaiwekea mitihani na masharti, hakuna kukanda bila maelekezo ya daktari, hakuna kujitangaza isipokuwa kwenye majarida ya tiba, hakuna kumuuzia mgonjwa dawa. Chama hicho ndo leo Chartered Society of Physiotherapy, chama cha mafizio wa Uingereza. Afu zikaja vita mbili za dunia na milipuko ya polio, na mikono iliyoanza kwa kukanda ikajikuta inafundisha watu waliokatwa miguu kutembea upya.

Kwa hiyo baba mkubwa akija na mgongo wake mkalishe, umuulize. Inauma wapi, ukifanya nini inazidi, usiku inakuamsha, miguu ina ganzi? Mwambie ainame, asimame kwa visigino, asimame kwa vidole. Na kama akikwambia ana ganzi sehemu za siri au siku hizi mbili mkojo unamtoka au hautoki, usimguse, mwambieni aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, manake neva za mwisho wa uti zinaweza kuwa zimebanwa na kila saa ina maana. Mkandaji hajasomea kuuliza hayo, wewe umesomea. Nyumba nzima wakikuona unavyouliza hutahitaji kujitetea.

Habari Mwalimu, niko mwaka wa pili wa fiziotherapia na anatomia inanimaliza. Mifupa 206, misuli zaidi ya 600, na huo mtandao wa neva za bega ndo siuelewi kabisa. Nilikuja kusaidia watu sio kukariri. Labda nimekosea njia? (Kichwa Kimejaa)

Hujakosea njia, ila unasoma anatomia kama orodha na haisomeki hivo. Chukua kitu kimoja, mgonjwa aliyeanguka pikipiki, shingo ikavutwa upande mmoja na bega upande mwingine, neva zinazotoka C5 mpaka T1 (kuanzia chini ya shingo mpaka juu ya kifua) zikavutika. Anakuja mkono unaning'inia. Wewe unampima msuli mmoja mmoja kwa ule mpimo wa 0 mpaka 5, sifuri hakuna kitu, 1 unaona au unahisi chini ya kidole msuli unacheza kidogo lakini kiungo hakisogei, 2 kiungo kinasogea ukikiondolea uzito, mfano mkono umelazwa mezani, 3 unashinda uzito wa mkono wenyewe, na kuendelea. Sasa miezi inapita, siku moja unaweka kidole kwenye msuli wa mbele wa mkono wa juu na unahisi kitu kimecheza. Ni 1. Kwa macho ya mtu mwingine hakuna kilichobadilika, mkono bado unaning'inia. Wewe unajua neva ikikua hukua kama milimita 1 kwa siku, unajua ni neva ipi inafika kwenye msuli huo na imepita wapi, kwa hiyo unajua ni msuli gani wa kutegea baada ya huo, na unaweza kumwambia mgonjwa tusubiri wapi.

Huko kusaidia watu unakokutaka kumejificha humohumo kwenye mtandao unaoukimbia. Uchore kwa mkono kila siku bila kutazama kitabu, ukikosea uchore tena, afu mtafute mwenzako umshike bega na mkono utafute misuli yenyewe chini ya ngozi. Ukifika mwaka wa tatu ukaanza wodi utarudi kuisoma mwenyewe bila kusukumwa.

Mwalimu, niko mafunzo ya vitendo. Kuna kijana wa umri wangu kaumia uti wa mgongo ajalini, kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia na hakuna kinachocheza. Kila nikienda ananiuliza nitatembea lini. Mi najibu tutaona, afu naenda chooni kulia. Nadhani kazi hii sio ya mtu mwenye moyo laini kama mimi. (Mwanafunzi)

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Wanafunzi ninaowahofia mimi ni wale ambao swali la kijana huyo haliwafanyi kitu, kwa hiyo moyo wako uache kama ulivyo. Tunachotakiwa kukirekebisha ni hilo jibu la tutaona.

Tutaona ni neno la kukimbia na yeye anajua unakimbia. Lakini pia wewe kama mwanafunzi sio kazi yako kumwambia atatembea au hatatembea, na kwa kweli siku za mwanzo hata bingwa anakuwa mwangalifu, kwa sababu baada ya jeraha uti unaweza kuwa kwenye mshtuko, yaani umezima kwa muda, ndo maana vipimo vinarudiwa. Umeona wanavyomgusa kwa pamba na ncha ya pini mpaka kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa? Wanatafuta kama kuna hisia yoyote iliyobaki kule chini kabisa, manake ikiwepo hata kidogo matarajio yanabadilika. Kwa hiyo jibu lako liwe hivi, kaa chini usawa wa macho yake, mwambie swali lake ni kubwa na anastahili kujibiwa vizuri, na kwamba utamwambia daktari na msimamizi wako mkae naye pamoja. Afu ufanye hivo kweli, siku hiyohiyo. Ukimwambia na usifanye umempotezea mtu mmoja wa kumwamini, na hapo alipo hana wengi.

Baada ya hapo kuna kazi, tena nyingi. Kama jeraha liko kifuani mikono yake ni mizima, na mikono hiyo ndo itafanya kazi ya miguu maisha yake yote ikiwa miguu haitarudi, kwa hiyo mabega yake uyatunze sa hivi, usiruhusu mtu yeyote amvute kwa makwapa. Mfundishe kugeuka kitandani kwa kurusha mikono. Mfundishe kukaa bila kuegemea, jambo ambalo kwa mtu asiyehisi makalio yake ni gumu kama vile kukaa juu ya mpira, ataanguka mbele, ataanguka nyuma, mara hamsini, na wewe uko nyuma yake. Mfundishe kuinamia mbele au pembeni ili kupumzisha makalio akiwa kwenye kiti, mara kwa mara, bila kusubiri kukumbushwa, na kukagua ngozi yake kwa kioo, manake kidonda cha mgandamizo kinaua watu ambao ajali haikuwaua. Kama jeraha liko usawa wa T6 (pingili ya sita ya kifua) au juu yake, yeye na ndugu zake wajue kwamba kichwa kikiuma ghafla, uso ukawa mwekundu na jasho likatoka, presha inaweza kuwa imepanda kwa sababu ya kibofu kilichojaa au mrija wa kutolea mkojo uliojikunja, akalishwe wima na mrija uangaliwe haraka. Hayo yote ni fiziotherapia, na hayasubiri jibu la atatembea lini.

Afu kuna siku atahama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu mwenyewe, wewe umesimama mikono tayari ila humgusi. Mtu anayeweza kuhama mwenyewe anaweza kwenda chooni mwenyewe, anaweza kupanda gari, anaweza kurudi kazini. Nimewaona wengi wakifika hapo, na wengi wao walianza kwa swali hilohilo la kijana wako.

Kuhusu kulia, mwambie msimamizi wako. Mwambie ukweli kwamba mgonjwa huyu anakugusa kwa sababu ni rika lako. Msimamizi mzuri atakusikiliza, na kama huyo hasikilizi tafuta mwingine, ila usiibebe peke yako mpaka mwisho wa mafunzo.

Mambo Mwalimu! Ndoto yangu ni kuwa fizio wa timu kubwa ya mpira, yule anayekimbia uwanjani na begi. Hospitali sitaki. Nisome nini? (Mtu wa Mpira)

Poa. Unasoma fiziotherapia ileile ya wengine, na hospitali utaipitia tu, hakuna njia ya pembeni. Hayo ya kukimbia na begi ni dakika chache kwa wiki. Kazi yenyewe ni mchezaji mmoja aliyekatika kano ya katikati ya goti (ACL) akafanyiwa upasuaji, na wewe uko naye chumba cha mazoezi asubuhi baada ya asubuhi kwa miezi 9 au zaidi kabla hajaruhusiwa kucheza, kocha anamtaka mapema, mchezaji mwenyewe anataka mapema, mashabiki wanamtaka jana, na wewe ndo unatakiwa kusema bado kwa sababu mguu ule haujafikia nguvu za mwenzake. Ukiona unaweza kusema bado mbele ya watu hao wote, njoo. Na nakuomba wodi ya wazee usiikwepe, bibi aliyevunjika nyonga atakufundisha kuhusu uzito na mizani ya mwili mambo ambayo hakuna mchezaji atakufundisha.

Salaam Mwalimu. Mimi ni fizio wa siku nyingi. Zamani nilikuwa naamka na hamu, sa hivi wagonjwa ni wengi mpaka majina yananichanganya, nawapa mazoezi hawafanyi, wanarudi vilevile, mshahara haukui, na ukilalamika bosi anasema hii kazi ni wito. Nahisi wito wangu umekufa. (Moto Uliopoa)

Salaam ndugu yangu. Nianze na bosi manake hilo limeniudhi. Neno wito halitakiwi kabisa kutumika kumnyamazisha mtu anayedai malipo yake au anayesema wagonjwa wamezidi. Fizio anayepewa dakika kumi kwa mgonjwa mwenye kiharusi hawezi kufanya kazi aliyosomea, anawapitisha watu tu, na anayeumia kwanza ni mgonjwa. Andika kwa wiki kadhaa umeona wangapi, wangapi walihitaji muda zaidi wakakosa, umpelekee kwa karatasi. Wewe kuchoka katika hali hiyo hakusemi chochote kuhusu wito wako. Na kama usingizi umepotea na hata nyumbani huna furaha, muone daktari kama ambavyo ungemwambia mgonjwa wako.

Sasa hilo la mazoezi, hapo nina la kusema zaidi. Chukua karatasi unayowapa, ina mazoezi mangapi? Kama ni manane, hakuna anayeyafanya, na sio uvivu. Yapunguze yawe mawili, uyafunge kwenye kitu ambacho mtu anafanya tayari, mfano kila akimaliza kula anainuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika. Mwambie akuonyeshe kabla hajaondoka, wengi wanaoonekana wabishi kumbe hawakuelewa. Na muulize lile swali ambalo kwenye haraka linarukwa, unataka kufanya nini ambacho sa hivi huwezi? Mmoja atakwambia anataka kwenda chooni usiku bila kumwamsha mke wake. Huyo ukimwambia zoezi la paja ndo litakalomfikisha chooni mwenyewe, atalifanya, kwa sababu aibu ya kumwamsha mkewe kila usiku anaijua yeye.

Afu pima. Huna haja ya mashine, kiti kimoja na mita 3 sakafuni na saa. Ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, uandike sekunde. Leo 26, wiki tatu zijazo 20. Tunachoka haraka tukiwa hatuoni kitu kinasogea, na mara nyingi kinasogea ila hakuna aliyekiandika. Mgonjwa naye akiiona namba yake inashuka anabadilika.

Na la mwisho kwako, kila wiki chagua mgonjwa mmoja tu ambaye humwelewi. Mmoja. Bega ambalo lingetakiwa liwe limepona na halijapona, mtu anayetembea vibaya na vipimo vyote ni vizuri. Msome, mtazame akivua shati, akipanda ngazi, muulize mwenzako, fungua kitabu. Mi naamini hamu yako ya zamani ilikuwa ni hii ya kutaka kujua, na kazi ya haraka haraka imeiziba. Ukiweza omba kubadilisha idara pia, kuna watoto, kuna wagonjwa mahututi, kuna wanawake baada ya kujifungua, kuna majeraha ya moto, ni kama kazi tofauti kabisa. Na kama umepumzika, umebadilisha, umelipwa, na bado hutaki kumgusa mgonjwa, unaruhusiwa kuondoka na hakuna atakayekuhukumu hapa.

Mwalimu, sioni tangu utotoni, nasoma kwa nukta nundu na masomo nafanya vizuri. Nilisema nataka fiziotherapia mwalimu wangu mmoja akaniambia niache kujidanganya. Najidanganya? (Msomaji)

Hujidanganyi. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake kule Uingereza, askari waliopofuka vitani walifundishwa kukanda kupitia St Dunstan's, taasisi iliyoanzishwa kwa ajili yao, wakafaulu mitihani na kufanya kazi na wagonjwa, na tangu hapo Uingereza imekuwa na mafizio wasioona kizazi baada ya kizazi. Japani nako wasioona wamefanya kazi ya kukanda kwa karne nyingi. Kwa hiyo swali la kama inawezekana lilishajibiwa zamani na watu waliofanya.

Uvimbe, joto la kiungo, msuli uliokaza, mahali mfupa unapokwama, yote hayo hata sisi tunaoona tunayatafuta kwa vidole. Mwendo wa mgonjwa unaweza kuusoma kwa kusikiliza mguu upi unakaa chini muda mfupi, na kwa kuweka mikono kwenye nyonga zake akitembea. Mafaili yanasomwa na kompyuta kwa sauti. Kuna mambo yatahitaji kupangwa, mfano mgonjwa anayeweza kuanguka ghafla utahitaji mtu wa pili au mbinu ya kumshika muda wote, na hilo liseme mwenyewe mapema. Sio kila chuo kimejiandaa, kwa hiyo andikia kadhaa, uliza wana utaratibu gani kwa mwanafunzi asiyeona, na chuo kikikukataa omba sababu kwa maandishi. Na huyo mwalimu wako, naomba umsomee jibu hili.

Habari za kazi Mwalimu. Nina miaka 41, mhasibu, mama wa watoto wawili. Mume wangu alivunjika mguu, nikawa nampeleka fizio, nikajikuta narudi nyumbani nasoma kuhusu misuli mpaka usiku wa manane. Nimechelewa? (Mama wa Mahesabu)

Nzuri dada yangu. Hapo pa usiku wa manane ndo pamenifanya nikujibu, hakuna aliyekutuma na ulisoma. Hujachelewa, wagonjwa wengi wanampenda fizio ambaye ameshaishi kidogo. Ila ujue mwili utafanya kazi, kusimama kutwa, kuinama, kuhamisha watu, ingawa kuhamisha ni mbinu kuliko nguvu na inafundishwa. Ujue pia msimamizi wako atakuwa mdogo kwako kwa miaka mingi na itabidi umsikilize kama mwalimu.

Kwa kuwa una shahada, uliza kwanza njia fupi. Uingereza na Australia kuna shahada za uzamili za kama miaka 2 kwa mtu mwenye shahada nyingine, Marekani ni kama miaka 3 baada ya shahada ya kwanza na vyuo vingi vinadai uwe umekaa saa kadhaa ukitazama fizio akifanya kazi. Sehemu zingine utaanza mwanzo kabisa, na kuna zenye nafasi ya fizio msaidizi ambapo unaweza kuanza huku unalipwa. Kikwazo kikubwa kwa mhasibu huwa ni masomo ya sayansi, biolojia ya zamani vyuo vingine havikubali, vinataka uirudie pamoja na fizikia au kemia. Kwa hiyo kabla hujaacha kazi andikia vyuo viwili vitatu uulize hilo tu, wanataka masomo gani na ya mwaka gani, na wakati unasubiri majibu muombe huyohuyo fizio wa mume wako akuruhusu ukae naye siku chache ambazo mume wako hana miadi.